Mpaka Aje Kunitazama

Wewe unayesomewa haya umelala chali na miguu yako haikusikii, nakuandikia wewe. Wengine wasome wakitaka. Mi shule niliishia darasa la nne pale Buyenzi, kwa hiyo usitafute humu maneno ya kidaktari, sina. Nina habari ya mwili ulioondoka ukarudi, na habari ya watu wawili walionirudisha nyumbani wakati nakufa. Nitawataja. Avoka wao, wakili wa kuwatetea, alitaka karatasi ya mapatano iseme kwamba nitanyamaza. Nikamwambia apana, mdomo wangu ulishazibwa na mpira wa hospitali, ulikaa hivyo muda wa kutosha.

Wa kwanza ni Dokta Nestor, mwenye kliniki ya ukuta wa kijani kule Mutakura. Wa pili ni Godeliva, nesi wake.

Mi nauza vitenge. Nanunua Uvira, ng'ambo ya mpaka, nauza hapa Kamenge ninapokaa na mume wangu, Ramadhani, fundi wa magari, ambaye namwita Baba Zuena kama watu wote. Mpakani wanauliza kadi ya njano ya chanjo. Ya kwangu ililowa mvua pamoja na mzigo, ikawa uji. Nikaenda kwa Dokta Nestor kwa sababu kule hakuna foleni. Godeliva alinichoma mkono wa kushoto, vizuri tu, na tukataniana.

"Mama, mukono laini hivi, we unabebaga nini?"

"Mi sibebi. Nabebesha watu."

Sindano haikuniuma. Nilitoka pale nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani.

Siku zikapita, nikahara kidogo, kukaisha. Jioni moja nainuka kwenye sijda, nikasikia nyayo zimejaa mchanga. Nikafikiri nimekalia miguu vibaya. Kesho yake nilitoka bombani na ndoo, nikaingia ndani, binti yangu Zuena akaniuliza, "Mama, ndala yako ingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, una matope mpaka kifundoni, na mi sikujua. Ndala ilikuwa imebaki njiani. Nilikaa chini pale pale nikaushika ule mguu kwa mikono. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine nilioazimwa.

Tulienda kliniki. Bati la benchi lao huwa baridi, kila mtu analalamika, mi sikusikia baridi yoyote. Tulingoja mpaka walioingia nyuma yetu wakatoka. Dokta Nestor akanitazama kutoka mlangoni, hata kuingia sikuingizwa.

"Mama, mwili wa umri wako unachoka. Unakunywa maji?"

"Dokta, miguu haiko."

"Mi naiona hapo chini."

Watu kwenye benchi wakacheka. Na mi nilicheka, unajua kile kicheko cha kumheshimu dokta. Nikapewa vidonge vya kutuliza.

Mara ya pili Baba Zuena alinileta kwa pikipiki, nimefungwa kwake kwa kitenge kama mtoto mgongoni, maana magoti yalikuwa yameisha. Aliniegemeza mlangoni. Godeliva akaingia kwa dokta, akatoka. "Dokta anasema mama aende alale, anywe vitamini, arudi juma lijalo." Baba Zuena akasema, "Lakini hasimami." Godeliva akasema, "Njo maana anaambiwa alale."

Asubuhi iliyofuata chai niliyoimeza ilitokea puani. Majirani wakanibeba ndani ya shuka, mtu kwa kila pembe, mpaka hospitali kubwa ya hapa Kamenge. Daktari wa pale, mwanamke kijana, alinigonga goti kwa nyundo ndogo. Goti likakaa kimya. Akagonga lingine. Akaanza kutembea haraka, na ndipo nilipoogopa.

Ulipanda, ugonjwa ule. Ulitoka miguuni ukaja kiunoni, ukaja mikononi, uso ukalegea upande mmoja, halafu pumzi. Wakaniingiza mpira kooni, mashine ikanipumulia. Nataka nikuambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia: ndani mle unakuwa macho. Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa katika nyumba yake mwenyewe, anawasikia watu uani wakisema humu hakuna mtu. Walikuwa wanasema bei ya makaa juu ya kifua changu. Wifi yangu Asha alisimama miguuni pangu akaeleza kwamba nimetupiwa kitu na wauza vitenge wenzangu. Nilitaka kumtukana. Kope tu ndizo zilizokuwa zangu.

Basi nikaswali kwa kope. Sheria yetu inasema asiyeweza kusimama aswali amekaa, asiyeweza kukaa aswali amelala, na aliyeshindwa hata hilo aswali kwa macho. Niliyasikia madrasa nikiwa mtoto, nikafikiri ni maneno ya kujaza saa. Kumbe aliyeyaweka alijua kwamba siku moja mwanamke wa Kamenge atabaki na kope mbili. Nilifumba kwa kurukuu, nikafumba zaidi kwa kusujudu. Subhana Allah, sijawahi kuswali namna ile nikiwa na mwili mzima.

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja, na aliyemwangalia ni dada yake, Mama Neema, Mkongomani wa kanisa la kuimba sana. Zuena akienda kupika uani, Mama Neema alikuwa ananipaka mafuta nyayoni bila kuombwa, na anaongea na mguu kama mtu. "Mugulu, rudia mama yako. Unatembea wapi saa hizi?" Siku moja akaniona nafumbafumba, akaelewa. Akasema, "Mama Zuena, we omba kwa macho, mi nitaomba kwa mudomo, Mungu atachagua ya kwake." Kama uso ungekuwa wangu ningecheka.

Watu walikuja kunitazama. Hapa kwetu mgonjwa anatazamwa, awe Mwislamu, awe Mkristo. Imamu alikuja. Wauza vitenge wenzangu walikuja, wale wale walioshtakiwa na Asha, na uji wa moto. Dereva wa mizigo aliyenidai alikuja, hakutaja deni. Na kama mtu amekuumiza, huyo ndiye anatakiwa aje mbele ya wote. Ng'ombe wa jirani akimkanyaga mtoto wako, ng'ombe haombi msamaha, mwenye ng'ombe anakuja, anakaa, anamwangalia mtoto. Asipokuja, amekukanyaga mara ya pili. Nililala pale masika nzima natazama mlango. Kutoka Mutakura si mbali. Dokta Nestor hakuja. Godeliva hakuja.

Walipotoa mpira na sauti ikarudi, neno langu la kwanza kwa yule daktari kijana lilikuwa, "Ni sindano?"

Alikaa kitandani. "Mama, inaweza kuwa sindano. Inaweza kuwa ile kuhara uliyopata mbele. Watu wengi sana wanachomwa ile chanjo na hawapati kitu. Hakuna mutu atakuapia, na mi siapi."

"Na kama ningekuja mapema?"

Huyo mtoto hakujua kudanganya. Alitazama dirisha. "Ungelikuja mapema, pengine pumzi haingefika pale."

Nakuandikia kama alivyosema, nisikuongezee. Mjukuu wangu alipozaliwa nilimpeleka chanjo mwenyewe, nikamshika mkono akichomwa. Hasira yangu haiko kwenye sindano. Iko kwa wale walioniona naning'inia mlangoni wakanipa vitamini. Na wewe, ukisikia nyayo zimekufa na ganzi inapanda, usilale nyumbani ukingoja juma lijalo. Nenda hospitali kubwa, hata kwa shuka.

Mwili ulirudi kinyume cha ulivyoondoka. Uso kwanza, halafu vidole vya mikono, miguu ya mwisho kabisa. Zuena ndiye aliyeona. Alikuwa ananiosha, akasimama na kitambaa.

"Mama, umekisogeza?"

"Nini?"

"Kidole. Kile kikubwa. Sogeza tena."

Sikujua nasogezaje. Hebu jaribu kumfundisha mtu kusogeza kidole, utasema nini? Nilikifikiria tu kile kidole, nikakiita kama unavyomwita mtu aliye mbali sana uwanjani, na kikainama. Kidogo, kama mchwa anavyoinamisha jani. Mama Neema akafunua shuka watu wote waone. Walikuja wagonjwa wenye mirija yao, akaja mfagiaji, wakasimama miguuni pangu kama wanatazama mtoto aliyezaliwa. Nimeona harusi, nimeona Idi, nimeona ziwa limevuka barabara. Sijaona kitu kikubwa kama kile kidole.

Nyumbani nilirudi kwa kubebwa. Nywele zilikuwa zimetoka mashada mashada, mapaja yamebaki mfupa na ngozi inayocheza. Baba Zuena alinijengea bomba mbili sambamba uani, nishike nikijifunza. Kijana wa kine, anayefundisha miguu kutembea, alikuja asubuhi na kunisimamisha. Nilikanyaga kama ndama. Baba Zuena alinibeba kwenda chooni, alinikalisha, aligeuza uso, alininyanyua. Mwanaume wa mikono ya oili. Mwanzo alikuwa anatania, baadaye akanyamaza, baadaye akawa anapumua kwa nguvu kabla ya kuniinamia. Ugonjwa mrefu unakula na mzima pia, ila yeye hakuna anayemletea uji.

Yeye ndiye aliyesema tuwashtaki. Tukampata avoka, msichana anaitwa Chantal, ofisi yake iko juu ghorofani, nikapanda kwa makalio, ngazi baada ya ngazi. Kwake pia kuna benchi. Maisha yangu yote ya ugonjwa ni benchi. Chantal alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia bila kupaka asali: sindano hatutaithibitisha kamwe, lakini kufukuzwa mlangoni kuna mashahidi. Tuwabane hapo. Wakabanwa. Mvua za mwaka uliofuata zikaisha, kiangazi kikaanza, avoka wa Dokta Nestor, mtu mzito jina lake Gervais, akatuita tupatane kabla ya jaji.

Alinisogezea karatasi. Nikasema, "Nisomee." Akasoma mpaka mahali palipoandikwa kwamba kliniki inalipa bila kukubali kosa lolote.

"Maana yake nini hapo?"

Chantal akasema polepole, "Maana yake watalipa, lakini hawakukosa."

"Sasa wanalipia nini?"

Gervais akafuta jasho. "Wanalipa ili yaishe, mama."

"Kwangu hayajaanza. Aje kunitazama kwanza."

"Nani?"

"Nestor. Aje nyumbani, akae, anitazame. Halafu mi nasaini."

Gervais alicheka, si kwa ubaya. "Mama, kitu kama hicho hakiandikwi."

"Usikiandike. Aje."

Kwenye ngazi Chantal alinieleza. Yule Gervais ndiye aliyemkataza Nestor kuja, tangu mwanzo. "Akikanyaga kwako, kesho munasema mbele ya jaji kwamba alikuja kukiri." Na ni kweli, tungesema hivyo. Kila mtu hapa anajua maana ya anayekuja na mikono imebeba kitu. Ndiyo maana siku hizi mtu akikosa anajificha nyuma ya avoka. Chantal akaniambia pia ofa itasimama mpaka mwisho wa kiangazi. Baada ya hapo ni mahakamani. "Na huko, mama, unaweza kutoka mikono mitupu."

Nyumba ikanigeukia. Asha alikuja makusudi. "Sijaona mutu anakataa riziki kwa sababu ya kuangaliwa. Unataka akuangalie nini? Sura?"

Baba Zuena alingoja mpaka Asha ameondoka. "Mama Zuena, saini."

"Aje kwanza."

"Aje akupatie nini? Chai?"

"Aje anione."

"Mi nakuona. Kila siku nakuona. Mi sitoshi?"

Hilo lilinichoma mahali ambapo ganzi haikufika. Akaanza kula huko huko gereji. Akirudi ananibeba bila kusema, kama mzigo wa mpakani. Vumbi la kiangazi liliingia kila mahali, gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba nainua shingo, linapita. Mpaka Ijumaa moja, kiangazi kinakwisha, nikamwambia Zuena, "Mpigie Chantal. Mwambie Jumatatu nasaini. Hatakuja yule." Nililia siku ile, na uso wangu ukalia pande zote mbili sawa. Nikakumbuka kwamba zamani ulikuwa unalia upande mmoja.

Chantal hakuleta karatasi. Alisema kwenye simu, "Mama, nipe Jumatatu hiyo. Nimefikiri kitu." Kumbe alimwendea Gervais na sentensi aliyoitunga mwenyewe: waandike kwanza, wote wasaini, kwamba daktari akija kwa Mama Zuena, kuja kwake hakuhesabiwi mahakamani, wala hakutumiki kama ushahidi. Akaja kwangu na kikaratasi hicho. "Utakubali? Ni kama hakuja."

"Andika unavyotaka. Mi nataka miguu yake."

Wakaja Jumapili iliyofuata, wametoka kanisani, mvua ya kwanza imenyesha na uani kuna utelezi. Walikuwa Dokta Nestor, mke wake, Gervais, na mzee wa ukoo wao wa kubeba maneno. Dereva wao akashusha kreti ya kwanza uani, halafu ya pili. Bia. Kwao watu wakipatana bia inashuka, na hakuna aliyefikiri anaingia nyumba ya nani.

Baba Zuena alizitazama kreti, akamtazama dereva. "Hii munampelekea nani? Imamu anakaa nyumba ya pili."

Mke wa daktari akafunika mdomo. Mzee wao akasema, "Ee Mungu, tumeanza." Dereva akarudisha kreti garini, akaenda dukani, tukangoja wote tumesimama hatuangaliani, mpaka akarudi na Fanta. Baba Zuena alianza kucheka peke yake, akishika ukuta. Nilikuwa nimesahau kwamba ana meno yale.

Walikaa. Mzee akasema maneno ya mbele, ya ng'ombe na ya mvua. Dokta Nestor alikuwa amenyoa vibaya. Nilikuwa nimemwandalia matusi tangu mpira uko kooni. Niliyapanga mle ndani kwa miezi, mazuri sana, mengine ya Kirundi. Akaweka chupa chini.

"Mama, mwihangane," akasema. Hilo ni neno letu la pole, analisema kila mtu. Gervais akakohoa. Daktari akaendelea, anatazama sakafu. "Ile mara ya pili nilikuona. Dirishani. Niliona bwana yako anakushikilia. Nilijua ile si uchovu. Nikasema nikikuingiza, na tumekuchoma sisi, itakuwa shida ya kliniki. Nikasema aende, wengine watamuona. Mi naona wewe mpaka leo pale mlangoni."

Gervais alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

Nikafungua mdomo nitoe yale niliyoyapanga. Hayakuwepo. Usifikiri nilimsamehe, sikumsamehe, na leo ukiniuliza nitakuambia alistahili kufungwa. Ila nilishangaa. Mtu mzima, dokta, ana gari, amekaa kwenye kiti changu kibovu, anatetemeka magoti, na mi magoti yangu yametulia. Nilimwambia, "Nitazame basi." Akainua macho akanitazama, nywele zangu fupi, mikono, miguu iliyokonda. Alitazama sana. Sikumpunguzia.

Godeliva hakuja, mpaka leo. Jina lake nalo nimeliacha huko juu.

Jumatatu nilisaini. Kiasi kilichomo ni siri yetu, kililipa waliotudai na kikarudisha mtaji wa vitenge. Lakini nataka kumalizia Jumapili.

Waliposimama kuondoka, Baba Zuena akavaa viatu awasindikize, maana mgeni hatoki peke yake, hata awe nani. Nikasema, "Kaa. Ni mgeni wangu."

"Kuna utelezi."

"Nimeona."

Tulikuwa hatujawahi kujaribu kupita lango kwa miguu yangu. Nilichukua fimbo yangu ya kutembelea. Mke wa daktari, Gervais na mzee walitangulia kwenye gari, lililokuwa limeegeshwa kwenye lami kwa sababu ya matope. Daktari akabaki pembeni yangu. Nilikanyaga, nikangoja mguu uniambie umefika, nikakanyaga mwingine. Matope yalikuwa ya baridi. Niliyasikia, ya baridi kabisa, yanaingia katikati ya vidole, na nilitaka kumwambia mtu, na aliyekuwepo ni yeye. Sikumwambia. Alipunguza hatua zake zikawa kama zangu. Majirani walitoka milangoni wakatazama, Mama Zuena anamsindikiza mtu.

Tulipopita nyumba ya imamu daktari akasimama, akasema lile linalosemwa na kila mgeni mwenye adabu ili mwenyeji asichoke. "Inatosha, mama. Rudi."

Lami ilikuwa bado mbele. Niliitazama, nikaitazama miguu yangu, yote miwili, imesimama kwenye matope inaningoja.

Nikamwambia, "Bado." Tukaendelea.